Pini Mdomoni

Mama yangu hushona akiwa na pini mdomoni. Sisemi moja wala mbili. Nasema safu nzima, amezibana kwa midomo kama meno ya kitana. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote duniani wanazo. Mteja akiingia, mama hachomoi hata moja kwa ajili ya salamu. Humtazama kwa juu ya miwani, humgeuza kwa mabega, huchomeka pini kwenye pindo, na maongezi yote hupitia puani. "Mm-mmm-mm?" maana yake liishie hapa au chini ya goti? "Mm!" maana yake simama wima. "Mmm-mm-mm-mmmm," huku akitikisa kichwa, maana yake kitambaa ulicholeta hakitoshi, bibiye, labda tukushonee nusu yako. Wateja wote wanamwelewa. Miaka nenda miaka rudi, sijamwona hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba hakusikia vizuri.

Mimi ni bintiye wa pili. Pale dukani ndimi mtia vifungo, mpiga pasi na mpokea lawama, na kwa kuwa muda mwingi nimebana uzi kwenye meno, humjibu mama kwa lugha hiyohiyo ya pua. Siku nzima tunagombana, tunacheka, tunasengenya, na mpita njia hasikii ila cherehani na nyuki wawili.

Katika chumba hicho ndimo alimokulia Bobini.

Bobini ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Jina hilo la Bobini alimbandika mama, kwa kile kigurudumu cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani, maana mtoto alizaliwa mfupi, mviringo, na hatulii. Dada anafanya kazi kiwanda cha mikate. Anatoka mtaa ukiwa bado umelala, anarudi jioni ana unga mpaka kwenye nyusi. Baba wa mtoto ni habari nyingine, na habari yenyewe haina faida kwa mtu. Kwa hiyo Bobini alishinda na sisi, chini ya meza ya kukatia, kwenye ufalme wake wa vipande vya vitambaa.

Alikuwa mtoto mwelewa kupita kiasi. Ukimwambia leta chaki, analeta chaki. Ukimwambia usiguse mkasi, anakuangalia usoni huku anaugusa. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima, na sisi hatukuhitaji kuambiwa, kwa sababu mtu akifungua pakiti ya biskuti nyumba ya tatu, Bobini alikuwa ameshafika. Lakini maneno, hakuna. Umri wa kuanza shule ulimkuta hajatamka hata neno moja. Alikuwa ananguruma tu, midomo imefungwa, kutwa kucha.

"Kawia ufike," mama alisema kila tulipomuuliza. Yaani alisema siku zile ambazo hakuwa na pini.

Dada akampeleka shule ya jirani. Mwalimu mkuu pale ni mama mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na nasema hivi ili mtu asije akamfanya yeye ndiye mbaya wa hadithi hii. Alimpokea Bobini kwa majaribio. Muhula haujafika katikati akamwita dada ofisini. Mtoto haulizwi akajibu, alisema. Wenzake wamegeuza mngurumo wake kuwa mchezo, wanamngurumia wakimwona, na sasa hata kunguruma ameacha. Anakaa kwenye kona anashika kola yake. Darasa limejaa, mwalimu ni mmoja. Ila ipo shule ya bweni, mbali kidogo, safari ya kutwa nzima kwa basi, yenye walimu waliosomea watoto wa namna hiyo.

"Si adhabu, mama," alimwambia dada. "Ni msaada. Likizo ikiisha mleteni nimwone tena. Akiweza kujieleza japo kidogo, nitabaki naye. Akishindwa, kwa kweli itabidi tumpeleke huko."

Dada hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwetu dukani, amekaa kwenye kiti cha wateja, amemshika Bobini mapajani kama mtu atakayenyang'anywa papo hapo. Nilimwonea huruma mpaka nikajichoma sindano. Mtu anamwona mwanawe akiwa macho saa chache tu kwa siku, halafu hata hizo zichukuliwe!

Lakini dada ni mtu wa kujiandaa na mabaya. Kesho yake alikuja na kitambaa cha kijani, kile cha sare ya shule ya bweni, akakiweka mbele ya mama. Mama akakipima kwa macho, akakikunja vizuri, akakipandisha kwenye rafu ya juu kabisa.

"Sishoni," alisema.

"Mama, mtoto ataondoka na nini?"

"Haondoki."

"Kwa hiyo ataongea kwa sababu wewe umekataa kushona?"

Mama akajaza pini mdomoni, na hapo ndipo mazungumzo yetu yote huishia.

Ni watu wa hospitali waliotuambia kuhusu mtaalamu wa usemi. Mama aliposikia alicheka. "Daktari wa kusema! Ndiyo nini hiyo? Mtu anaumwa kusema?" Dada akampeleka mtoto hata hivyo. Mtaalamu alikuwa kijana mwembamba, mpole, na suruali yake pindo la mguu mmoja lilikuwa limefumuka likining'inia. Sikuwapo hospitali lakini dada aliniambia, kwa kuwa sisi nyumbani kwetu tunaanza kumtazama mtu miguuni. Alicheza na Bobini mchana mzima na Bobini hakutoa hata sauti. Mwishoni akasema, "Ningependa nimwone anakoshinda."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, na cha ajabu hakumuuliza mtoto chochote. Hakusema "sema ba-ba, sema ma-ma", kama kila mgeni tuliyewahi kumpokea. Alikaa tu. Mama alimpa mgongo, akaendelea na gauni la bi harusi mmoja mwenye haraka. Chini ya meza, Bobini alipoona hatazamwi, akamtoa mwanasesere wake wa matambara akaanza kumngurumia.

Nikaona vidole vya mtaalamu vinagonga goti lake taratibu.

"Unasikia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mngurumo? Nausikia kila siku."

"Sikiliza tena. Usitafute maneno. Sikiliza kama unavyosikiliza wimbo wa jirani ukutani."

Nikasikiliza. Bobini alinguruma sauti ikapanda mwishoni. Kikawa kimya kidogo. Halafu akanguruma kwa sauti nyembamba, ya mwanasesere, ikashuka. Kisha ukaja mngurumo mrefu, wa mapigo ya haraka, uliokatika ghafla kama kofi. Mtoto alikuwa ameuliza swali, mwanasesere amejibu ujinga, na sasa anakemewa.

"Huyu anaongea," alisema mtaalamu. "Ana mapigo. Anajua pa kupanda na pa kushuka, anajua pa kuvuta pumzi, anajua zamu yake na zamu ya mwenzake. Watoto wote tunaanzia hapo, dada. Tunaushika wimbo wa lugha kwanza, maneno tunauvisha baadaye. Wa huyu umekamilika. Ninachojiuliza ni kwa nini midomo haifunguki. Humu ndani kuna mtu anayezungumza namna hii?"

Mama aligeuka. Alikuwa amesikia yote na ameudhika, gauni mkononi, safu ya pini mdomoni.

"Mm-mm!" alisema, akitikisa kichwa kwa nguvu. "Mm-mmm-mm-mm-mmm!"

Na kutoka chini ya meza, kwa wimbo uleule, mapigo yaleyale, Bobini akamjibu: "Mm-mmm-mm-mm-mmm."

Nyani haoni kundule. Nilicheka mpaka pasi ikaunguza kitambaa. Mtaalamu yeye aliuma mdomo, akatazama dari, kwa adabu. Mama peke yake hakucheka. Alizichomoa pini moja baada ya nyingine akazichomeka ukingoni mwa meza, mpaka mdomo ukabaki mtupu. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo mchana, katikati ya kazi. Ulionekana mdogo, umezeeka.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hapana, mama," alisema yule kijana, na kwa jibu hilo nitamheshimu mpaka naingia kaburini. "Kuna watoto wanaokuja kwangu hawana hata huo wimbo. Huyu umempa wewe, kutwa umekuwa ukiongea naye na yeye anakujibu. Nusu ya kazi umeshaifanya. Sasa mpe na midomo, aone maneno yanakotokea."

Masharti yake hayakuwa mengi. Pini zikae kwingine. Mikono ikifanya kazi, mdomo uimbe. Tumpigie makofi maneno, pigo kwa pigo. Na kila siku tumsomee kitabu, kilekile, tusikibadilishe hata tukikichoka, na tukifika mwisho wa mstari tuliache neno la mwisho, tusimtamkie.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu msubiri. Ukishamwachia nafasi, nyamaza. Kusubiri ndiyo dawa yenyewe, na ni chungu kweli."

Hakutuahidi kwamba mtoto atasema kabla likizo haijaisha. Alipotaka kuondoka mama alimzuia mlangoni, akapiga goti, akamshonea lile pindo kijana akiwa amesimama vilevile. "Daktari wa kusema," alisema, "hawezi kutembea na suruali inayomsema."

Nilimshonea mama mto mdogo wa pini wa kuvaa mkononi kama saa. Lakini jasiri haachi asili. Mkono ulichukua pini, ukapanda wenyewe mdomoni, nami nikapiga kelele, "Mama, mdomo!" Wiki nzima nilikuwa mlinzi wa mdomo wa mama yangu, kazi ambayo simtakii hata adui. Na maneno yaliyokuwa yamezibwa na pini tangu ujana wake yalipopata njia, yalifurika. Mteja mmoja aliambiwa waziwazi kwamba kiuno anachokidai alikiacha kwenye picha za usichana. Mwingine aliambiwa rangi hiyo haimpendi. Nikatamani pini zirudi.

Kitabu alikinunua dada, chembamba, cha kobe anayetafuta fundi wa kumshonea koti. Tatizo likawa msomaji. Mama anajua kusoma, ila husoma kama anayetunga uzi kwenye sindano gizani, anakwama, anarudi, anakwama tena. Aliona haya. Alitaka nisome mimi, na Bobini akakataa, akamsukumia bibi yake kitabu kifuani.

Basi mama akafanya jambo ambalo lisingemjia mtu asiye fundi. Alikaa kwenye cherehani, akachomoa uzi, akampakata mtoto, akaweka mguu kwenye kanyagio. Cherehani tupu ikaanza kwenda, taka-taka, taka-taka, na mama akayaweka maneno juu ya mapigo hayo, moja moja, kama anayeshona:

*Kobe, Kobe, wataka nini?*
*Nataka koti mgongoni.*
*Kobe, Kobe, wavaa lini?*
*Nikishatoka kisimani.*

Hakukwama hata mara moja. Goti lilipanda na kushuka na Bobini akapanda na kushuka nalo, macho yameganda kwenye midomo ya bibi yake. Mama alipofika "Kobe, Kobe, wataka..." mguu ulisimama. Cherehani ikanyamaza. Duka zima likanyamaza.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Bobini aliutazama mguu, akautazama mdomo. Baada ya siku kadhaa akaanza kulisukuma goti liendelee. Mama hakuendelea. Mimi ndiye niliyeteseka, neno lilikuwa linaniwasha kwenye ulimi, na mama alinikazia macho kana kwamba nimeshika mkasi wa wizi.

Ikaja alasiri moja, mteja yumo katikati ya vipimo, mikono juu, nami nimemzungushia futi kifuani. "Kobe, Kobe, wataka..." Mguu ukasimama. Tukasubiri. Mteja naye akasubiri, mikono juu vilevile, maana alishaambiwa nyumba hii ina utaratibu wake.

Midomo ya Bobini ilitetemeka, ikaachana.

"Ni-ni," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mikwaruzo, kama mlango ambao haujawahi kufunguliwa. Mama alitaka kukanyaga aendelee, mguu ukakataa. Jioni dada alipoingia, hatukumwambia kitu. Tulimkalisha, mama akakanyaga, "Nataka koti..." na Bobini akamalizia, "mgongoni!" Dada aliteleza kutoka kitini akakaa sakafuni na unga wake wote.

Laiti ningeishia hapo. Lakini likizo haikuwa inatusubiri. Maneno yalikuja, mgongoni, kisimani, lini, hata mistari mizima, ila yote yalikuwa ya Kobe. Ukimuuliza Bobini unataka maji, alinguruma. Ukimuuliza nani amevunja kikombe, alinguruma kwa kujitetea. Dada alikwenda kumpa mwalimu mkuu habari njema, akarudi ameinamisha kichwa. "Amefurahi," alisema, "ila amesema kukariri si kujieleza. Na kweli, si kujieleza."

Siku mama alipotoka kidogo, dada alikishusha kile kitambaa cha kijani. "Nishonee wewe," aliniambia. "Nakuomba, mdogo wangu. Asije akafika kule akaonekana hana kwao."

Nikamsimamisha Bobini juu ya meza nimpime. Alinyoosha mikono bila kuambiwa, mtoto wa fundi. Nilipomwekea futi mgongoni, aligeuza shingo akanitazama kwa furaha, akasema, "Mgongoni!"

Nilikikunja kitambaa nikakirudisha juu.

Siku yenyewe ilipofika tulikwenda wote, dada, mama, mimi na Bobini, tukafunga duka kama tuna msiba. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ndogo, safi, na bahati mbaya dirisha lake lilikuwa na pazia lililofumuka pindo. Mama aliliona kabla hajakaa. Mikono yake ikiogopa haijui kukaa bure. Wakati mwalimu mkuu anasalimiana na dada, nikageuka nikamkuta mama amepiga magoti dirishani, analipandisha pindo la watu, na kabla sijasema "Mama, mdomo!" safu nzima ilikuwa imeshapanda kutoka kwenye mto wa mkononi.

Mwalimu mkuu alichuchumaa mbele ya Bobini. Alifanya haki, hakumharakisha.

"Hujambo, binti. Jina lako nani?"

Bobini alishika kola yake.

"Leo umekuja na nani?"

Kimya.

"Unapenda kucheza nini? Hebu niambie, nami nicheze."

"Mm," alisema Bobini, midomo imefungwa.

Mwalimu mkuu alingoja, akangoja tena, kisha akainuka polepole akimtazama dada, na usoni mwake niliona hasemi kwa sababu hapendi anachotaka kusema.

Mama hakuweza kuvumilia. Kutoka dirishani, akiwa bado kwenye magoti, pini zimejaa mdomoni, alimsihi mjukuu wake kwa lugha pekee iliyokuwa inapita: "Mm-mm-mm, mmm-mm!" Sema, mke mwenzangu, sema!

Bobini akageuka. Akamtazama bibi yake, akakunja uso. Akaiacha kola. Akatembea mpaka dirishani, akasimama mbele ya mama, na kwa kuwa mama alikuwa amepiga magoti, nyuso zao zilikuwa sawasawa. Akanyoosha kidole, akazigusa pini kidogo tu, kwenye vichwa.

"Bibi," alisema. "Toa pini."

Kile kitabu nakijua kwa moyo, jalada mpaka jalada. Hamna bibi mle. Hamna pini. Hayo yalikuwa maneno ya Bobini mwenyewe, aliyatoa kwake kumpa mtu aliyemtaka ayapate.

Dada alinishika mkono akaubana mpaka mifupa ikalia. Mwalimu mkuu alisimama pale alipokuwa, kiganja mdomoni. "Jumatatu," alimwambia dada kwa sauti isiyozidi pumzi. "Mleteni Jumatatu pamoja na wenzake."

Mama alizitoa zote kwa mkupuo, moja ikamchana mdomo, hakujali. Alifungua kinywa aseme. Mwanamke huyu aliyewaambia watu habari za viuno vyao, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Machozi yalikuwa yanamshuka, midomo ikafunga yenyewe, na kilichotoka kikawa "mm" tu, "mm, mm."

Bobini alimtazama. Akaweka kiganja juu ya goti la bibi yake, akaanza kuligonga, taratibu, taka-taka, taka-taka.

"Bi-bi," alisema. "Se-ma."

Kisha mkono ukasimama juu ya goti, naye akanyamaza, macho kwenye midomo ya bibi yake, akamsubiri.